Joto Halisomwi Kwenye Kibandiko: Hesabu za Vibadilishajoto Kutoka Giakanja

Maziwa yakitoka kwenye kiwele huwa na joto la nyuzi 37 au 38. Yakifika kwenye mizani ya chama cha ushirika, ndani ya mtungi wa alumini uliofungwa nyuma ya bodaboda, bado yana nyuzi 35 hivi, na bakteria waliomo wana kila sababu ya kufurahi: katika joto hilo wengi wao huongezeka maradufu kila nusu saa au chini ya hapo. Msimamizi wa kituo cha kupozea maziwa, kwa hiyo, ana swali moja kubwa kila asubuhi: joto hili litatoka kwa kasi gani? Giakanja, katika eneo la Tetu karibu na mji wa Nyeri, ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hilo, kwa sababu linaulizwa pande zote. Wafugaji wanauliza habari za maziwa. Kwenye miteremko ya Nyandarua, viwanda vya chai kama Gathuthi vinauliza habari za hewa ya kukaushia majani. Na si mbali, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kina taasisi inayofundisha mambo ya jotoardhi, ambako kazi yote, ukiichambua, ni kuhamisha joto kutoka kwenye kitu kimoja kwenda kingine. Vifaa vyao havifanani hata kidogo, lakini hesabu ni moja. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo hukosewa mara nyingi mahali pamoja: kasi ya kuhamisha joto huchukuliwa kama sifa ya mashine, iliyopigwa chapa kiwandani ilikotengenezwa, wakati kwa kweli ni matokeo ya mashine, vimiminika vinavyopita ndani yake, uchafu uliojibandika na mwinuko wa mahali ilipofungwa.

Tuanze na upande rahisi. Lita 1,000 za maziwa zina uzito wa kilo 1,030 hivi, na kila kilo inahitaji kupoteza kilojuli 3.9 ili ishuke nyuzi moja. Kuzishusha kutoka nyuzi 35 hadi 4 ni kuondoa kilojuli 124,500, na ukitaka kazi hiyo iishe kwa saa moja, unahitaji kilowati 34.6 za upoaji. Hapa hakuna siri: uzito mara uwezo wa kubeba joto mara tofauti ya nyuzi. Kompresa inayoondoa kilowati 10 tu itachukua karibu saa tatu na nusu kwa mzigo huohuo. Ndiyo maana vituo vingi hutanguliza maji. Maziwa hupitishwa kwanza kwenye kibadilishajoto, upande mmoja wa ukuta mwembamba wa chuma, upande wa pili yakipita maji baridi ya kisima au ya mto, kisha ndipo yanapoingia kwenye tangi la friji. Tuseme maji yana nyuzi 17 na yanapita lita 2,000 kwa saa. Maziwa yakitoka yakiwa na nyuzi 21, maji yamechukua kilowati 15.6, yaani asilimia 45 ya mzigo wote, bila senti moja ya stima zaidi ya ile ya kusukuma maji. Muda wa tangi unashuka kutoka saa tatu na nusu hadi chini ya saa mbili.

Lakini hesabu hiyo haijasema lolote kuhusu ukuta wenyewe. Imesema joto kiasi gani linapaswa kupita, haijasema kama litapita. Hapo ndipo inapoingia hesabu ya pili, ile inayoandikwa Q = U × A × ΔT: kasi ya joto ni mgawo wa upitishaji, mara eneo la ukuta, mara tofauti ya joto kati ya pande mbili. Tofauti hiyo haitulii mahali pamoja, kwa kuwa maziwa yanapoa yakiwa safarini na maji yanapata joto. Katika mfano wetu maji yanatoka na nyuzi 23.7. Yakiwa yanapita kinyume na maziwa, upande wa kuingilia maziwa una tofauti ya nyuzi 11.3 na upande wa kutokea una nyuzi 4, na wastani unaofaa, ule wa kilogariti, ni nyuzi 7 hivi. Sasa jaribu kuyapitisha maji upande uleule na maziwa. Vimiminika viwili vinavyosafiri pamoja haviwezi kupitana kwa joto. Vinaweza tu kukutana, na hapa mahali pa kukutania ni nyuzi 22.8. Hata ukifunga kilomita nzima ya bomba, maziwa hayatafika 21. Kosa hili halihitaji mtaalamu kulifanya. Fundi akiunganisha mipira miwili ya maji kinyume cha inavyotakiwa, kazi imekwisha, na mashine italaumiwa bure.

Aina za vifaa huachana kwenye herufi U. Kifaa rahisi kabisa ni bomba ndani ya bomba: maziwa katikati, maji pembeni. Kwa kazi kama hii U yake huweza kuwa wati 500 hivi kwa kila mita mraba na kila nyuzi ya tofauti. Ukigawanya, unahitaji mita mraba 4.4, ambazo kwa bomba la milimita 38 ni karibu mita 37 za urefu. Mashine ya mabamba, ile ya mabati membamba ya chuma kisichoshika kutu yaliyobanwa pamoja kwa gasketi, hupasua mkondo kuwa matabaka membamba na kuyavuruga kwa mikunjo ya bati, hata U ikafika wati 2,500. Eneo linashuka hadi mita mraba 0.9, kitu kinachotosha juu ya meza. Haishangazi kwamba mashine hii ilizaliwa kwa ajili ya maziwa: Richard Seligman, mwanzilishi wa kampuni ya Aluminium Plant and Vessel ya London, aliitoa mwaka 1923 kwa ajili ya kuchemshia maziwa kwa kiasi, ule utaratibu wa kuua vijidudu kwa nyuzi 72. Hadi leo, kwenye viwanda vya maziwa, mabamba hufanya ujanja mzuri kuliko yote katika fani hii: maziwa ya moto yanayotoka hupasha yale baridi yanayoingia. Maziwa yanayotakiwa kupanda kutoka nyuzi 4 hadi 72 hupewa asilimia 90 ya safari hiyo na wenzao wanaorudi, na boila inabaki na nyuzi 6.8 tu za kuongeza.

Kwa hiyo mabamba yameshinda? Katika kibandiko, ndiyo. Na hapa ndipo ningependa msomaji apunguze mwendo, kwa sababu hesabu inageuka. Maziwa yanapopita juu ya chuma huacha utando wa mafuta, protini na madini. Maji ya mto nayo huacha tope laini na ukungu wa kijani. Joto linapovuka ukuta hukutana na vikwazo vilivyopangwa foleni: utando wa maziwa yasiyotembea, chuma, uchafu, utando wa maji. Ukinzani wa vikwazo hivyo hujumlishwa, na U ni kinyume cha jumla hiyo. Mashine ya mabamba iliyo safi ina ukinzani wa 0.0004. Bomba lina 0.0020. Sasa vipakie vyote viwili uchafu uleule, wenye ukinzani wa 0.0002, ambao ni utando usioonekana vizuri kwa macho. Bomba linafika 0.0022, na U yake inashuka kutoka 500 hadi 455, hasara ya asilimia 9. Mabamba yanafika 0.0006, na U inashuka kutoka 2,500 hadi 1,667. Theluthi nzima imepotea. Kadiri mashine ilivyo hodari, ndivyo uchafu mdogo unavyoiumiza, kwa sababu haikuwa na kikwazo kingine cha kuuficha. Mwenye duka akikuambia mashine yake ina U mara tano ya nyingine, amekuambia pia, bila kutaka, kwamba itakudai usafi mkali zaidi.

Jambo baya zaidi ni kwamba hasara hiyo haionekani. U ikipungua theluthi, mtu angetarajia joto linalohamishwa lipungue theluthi pia, lakini sivyo inavyokwenda. Maziwa yakitoka yakiwa moto kidogo zaidi, tofauti ya joto ndani ya mashine inapanuka na kufidia sehemu ya upungufu. Kwa njia ya hesabu inayotumia ufanisi badala ya wastani wa kilogariti, ile inayofaa pale usipojua joto la kutokea, mabamba machafu yatatoa maziwa ya nyuzi 23.2 badala ya 21. Joto lililohamishwa limepungua asilimia 16 tu, nusu ya hasara ya kweli. Msimamizi anaona nyuzi mbili na ushei kwenye kipimajoto na kusema ni jua la Februari. Atakapoona nyuzi tano, utando utakuwa umekauka na kuwa jiwe la maziwa, na sabuni ya kawaida haitaugusa.

Wapo watakaosema nyuzi mbili si kitu, friji itazimaliza. Ni kweli itazimaliza, na ina bei. Nyuzi 2.2 katika lita 1,000 kwa saa ni kilowati 2.45 za ziada za upoaji. Kwa kompresa inayoondoa kilowati tatu za joto kwa kila kilowati moja ya umeme, na kazi ya saa nne kwa siku, hizo ni karibu uniti 1,200 za stima kwa mwaka. Na pesa si hasara pekee. Tangi lile la kilowati 10 linahitaji dakika 15 hivi zaidi kwa kila lita 1,000, na dakika hizo zinaanguka pale mwanzoni, maziwa yakiwa bado vuguvugu na bakteria wakiendelea kuongezeka. Mkulima ambaye maziwa yake yamekataliwa kwa uchachu hataambiwa kwamba sababu ilianzia kwenye bamba.

Pingamizi jingine nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa kuwa ni la watu wenye busara: nunua mashine kubwa kuliko unavyohitaji, usahau hesabu. Kwa pampu ya maji au lori, ushauri huo una mantiki. Kwa kibadilishajoto unakwenda kombo. U inategemea kasi ya mkondo; utando unaotuama ukutani hupungua unene mkondo ukienda mbio, na mgawo wa joto hupanda kulingana na kasi iliyoinuliwa kwa kipeo cha 0.7 hadi 0.8. Ukiongeza mabamba mara mbili huku maziwa na maji ni yaleyale, yaani njia zimekuwa mara mbili, kasi katika kila njia inakuwa nusu na U inashuka hadi asilimia 57 au 62 ya ile ya awali. Eneo mara mbili, U karibu nusu: umelipa mashine mbili ukapata kati ya asilimia 15 na 25 ya ziada. Na mkondo wa polepole ndio unaopenda kuacha uchafu. Mashine iliyozidi ukubwa hujichafua yenyewe.

Twende juu kidogo, kwenye kiwanda cha chai. Majani yakishanyaushwa, kusagwa na kuchachushwa, bado asilimia 70 hivi ya uzito wake ni maji, na chai iliyokauka inatakiwa kubaki na asilimia 3. Katika kila kilo 100 zinazoingia kwenye kikaushio, kilo 69 ni maji ya kurushwa hewani. Kazi hiyo inafanywa na hewa ya nyuzi 120 hivi, iliyopashwa kwa kupita katikati ya mabomba yenye mapezi, ambayo ndani yake mna mvuke kutoka kwenye boila ya kuni. Huku sheria za maziwa zinabadilika. Mvuke unaogeuka maji hubaki na joto lilelile, nyuzi 175 hivi kwa shinikizo la bar 8, kwa hiyo suala la kupita kinyume au sambamba halina maana tena. Wastani ni uleule. Kinachotawala ni mwenza dhaifu. Upande wa mvuke mgawo unaweza kuwa 8,000, upande wa hewa 50, na U ya pamoja inatoka 49.7. Ukiuongeza maradufu mgawo wa mvuke, U inapanda hadi 49.8. Kila shilingi inayotumika kuboresha upande wa mvuke imetupwa, na ndiyo sababu mapezi yapo upande wa hewa: yanaongeza eneo mahali palipo na uhaba. Manyoya mepesi ya chai yanayoruka kiwandani yanajua njia ya kufika katikati ya mapezi hayo. Hapo hayadhuru kwa ukinzani wake. Yanaziba njia ya hewa, na feni inasukuma kidogo.

Halafu kuna mlima. Tetu iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na zaidi, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, jambo linalojulikana kwa kila mpishi wa githeri. Lisilofikiriwa sana ni kwamba mita moja ya ujazo ya hewa, ambayo katika vitabu ina uzito wa kilo 1.2, huku ina 0.97. Feni inapiga ujazo, haipigi uzito. Feni ya mita 5 za ujazo kwa sekunde inayovuta hewa ya nyuzi 20 inabeba, kwa hesabu ya kitabu, kilo 6, na kuzipasha hadi 120 ni kilowati 603. Kwa hesabu ya Nyeri inabeba kilo 4.85 na kilowati ni 487. Karibu moja ya tano haipo. Na kipimajoto hakitakuonyesha: hewa ikiwa chache, mapezi huifikisha nyuzi 120 bila shida, hata kuizidisha. Joto limesomwa sawasawa, chai haikauki, na mtu wa boila anaagizwa aongeze kuni. Hapo ndipo msitu unapolipia kosa la kujumlisha.

Matangi yenye ukuta wa kupoza nayapita haraka. Hayo hayana hali tulivu. Tofauti ya joto hupungua kadiri maziwa yanavyopoa, na nyuzi za mwisho, kutoka 8 hadi 4, huchukua muda usiolingana na udogo wake. Kijiko cha kukorogea kikisimama, hesabu yote inasimama nacho.

Jotoardhi, kwa upande wake, linatoa mifano miwili ya kupindukia inayofaa kulinganishwa. Katika mtambo wa kwanza wa Olkaria, uliowashwa mwaka 1981, mvuke uliokwisha kuzungusha tabo ya umeme ulipangwa kupozwa kwa kunyunyiziwa maji moja kwa moja. Hakuna ukuta, hakuna U, hakuna A. Ile hesabu ya kwanza ya uzito na nyuzi inatosha. Olkaria III, iliyojengwa na Ormat, imekwenda upande mwingine kabisa: mvuke na maji ya moto hupasha kimiminika kingine ndani ya magamba yenye mabomba mengi, kisha kimiminika hicho hupozwa kwa feni za hewa, kama radieta ya gari iliyokuzwa. Na kwenye mashamba ya maua ya Oserian, Naivasha, joto la kisima cha jotoardhi limetumika kupasha maji ya nyumba za mimea. Maji ya namna hiyo yamebeba silika iliyoyeyuka, na yakipozwa kupita kiasi silika hugeuka jiwe ndani ya kifaa. Huko mhandisi hahesabu tu joto analoweza kuchukua; anahesabu na lile analopaswa kuliacha.

Itasemwa kwamba siku hizi programu za kompyuta hufanya yote haya kwa dakika moja. Zinafanya, tena vizuri. Lakini kila programu ina kisanduku kinachouliza ukinzani wa uchafu, na kingine kinachouliza mwinuko au shinikizo la hewa, na ukiviacha vilivyo vitajazwa kwa maji safi na usawa wa bahari. Jibu litatoka na nukta nne za desimali, la kituo kilichoko ufukweni Mombasa. Namna ya kulisahihisha ni ya bei rahisi kuliko programu yenyewe: vipimajoto vinne, kimoja kwenye kila mlango wa kuingia na kutokea, ndoo ya lita 20 na saa. Pima kasi ya maziwa na ya maji. Joto lililopotea na maziwa lilingane na lililopokewa na maji. Yakiachana kwa zaidi ya asilimia 10, kuna kipimajoto kinachosema uongo au maji yanayovuja. Yakilingana, gawanya kwa eneo na kwa wastani wa tofauti, na U unayoipata ni ya mashine yako, mahali pako, siku hiyo. Iandike ukutani kwa chaki. Ya wiki ijayo iandike chini yake. Fundi mzoefu anayegusa bomba kwa kiganja na kusema "hii imechafuka" anafanya hesabu hiyohiyo, na mara nyingi hakosei, ila kiganja chake hakiwezi kutofautisha nyuzi 21 na 23.

Kwa hiyo, nyinyi mnaoketi kwenye kamati za ununuzi za vyama vya ushirika na viwanda: zabuni ikiandikwa, mtajieni muuzaji mwinuko wa kituo chenu na joto la maji yenu mwezi wa Februari, na mumtake aseme U ya mashine yake ikiwa chafu, si ikiwa mpya. Kisha msilipe kabla ya vile vipimajoto vinne kufungwa.